Baiskeli Isiyo na Kengele

Tangu nirudi kutoka Dar es Salaam sinywi kahawa yangu kwa raha. Kila baraza ninayokaa ni swali lile lile: mbona baiskeli ya Mihayo haina kengele? Wengine mmekwisha kujijibu wenyewe. Nimesikia kwamba ilidondoka njiani, nimesikia kwamba niliiuza nikanywea pombe, na yupo mmoja kati yenu, simtaji, anayesema baiskeli yenyewe niliinyakua kwenye msiba. Huyo wa mwisho hayuko mbali na kweli kama ambavyo ningependa. Basi naandika mara moja, msome wote, na baada ya hapo asiniulize mtu.

Mihayo kaka yangu mnamjua, ila vijana hawamjui yule wa zamani. Kabla ya vita alikuwa mpiga mbiu wa mtemi. Akisimama gulioni akatangaza siku ya kazi ya barabara, walio ng'ambo ya mto walikuwa wakianza kunung'unika kabla hajamaliza. Kisha akaenda vitani huko Bama. Alirudi mguu wa kushoto umekatwa juu ya goti, na sauti sijui aliiacha wapi. Miaka minane amekaa nyuma ya nyumba akisokota kamba, na ukimsalimu anaitikia kwa kichwa. Siku moja nilipita na baiskeli ya kuazima, akanyanyua uso akasema, "Hiyo ningeiweza." Maneno mawili, kwa mwezi mzima. Sikulala nikiyafikiria.

Nikamwendea fundi wetu wa baiskeli pale sokoni. Akaniambia baiskeli mpya haimfai. Hizi mpya zina friwili nyuma, na mtu akiacha kukanyaga, pedeli husimama palepale, na mwenye mguu mmoja hana mguu wa pili wa kuipandisha tena. Zile za zamani sana hazina kitu hicho. Gurudumu likizunguka, pedeli nayo inazunguka, utake usitake, na ukiufunga mguu kwa mkanda, baiskeli yenyewe inaunyanyua na kuurudisha juu. "Lakini hapa Tabora zimekwisha," akasema. "Labda Dar es Salaam."

Habari za nauli na ruhusa ya kazini siziandiki, zinachosha.

Tabora hadi Kilosa

Niliondoka na garimoshi, daraja la tatu, na kikapu chenye kuku mzima aliyekaangwa na mke wangu. Nilipanga kuku huyo anifikishe Dar es Salaam. Hakufika hata Dodoma. Pale Manyoni aliingia mama mmoja wa Kigogo, mnene, mwenye kaniki na ungo, jina lake Mama Sechelela. Akakaa mbele yangu, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia.

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

Hakuuliza la pili. Alikivuta kikapu changu kutoka miguuni pangu, akakifungua, akang'oa paja la kuku akala huku akinitazama usoni. Behewa zima likacheka. Mgogo na Mnyamwezi ni watani, na mtani akichukua chako huwezi kununa. Ukinuna, wewe ndiye uliyekosa adabu. Wala hayaishii kwenye chakula. Hata msibani mtani huja akamwiga marehemu, akamsema vibaya, akanyakua vitu vyake, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Ndivyo nilivyolelewa, na niliamini dunia nzima imelelewa hivyo. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Kilosa, siku mbili tusizoziomba

Kilosa tukasimama. Mvua ilikuwa imelila tuta la reli mbele yetu, na kila tukiuliza tunaondoka lini tunajibiwa "sasa hivi". Hiyo sasa hivi ilichukua siku mbili. Watu walishuka wakapanga mafiga kando ya reli kama vile wamehamia. Mimi kuku wangu alikuwa tumboni mwa mtu mwingine, nikakaa na hasira zangu.

Mama Sechelela akaniita. Alikuwa amepika ugali wa mtama na mlenda. Mlenda siupendi, tena siupendi kabisa, lakini njaa ikanifundisha adabu. Wakati wa kula akaniuliza nafuata nini pwani, nikamweleza habari za Mihayo. Alikwangua chungu mpaka ukoko ukaisha.

"Usimpelekee huruma," akasema mwishowe. "Ataijua harufu yake kabla hujaishusha kwenye gari. Mpelekee kitu ambacho watu wenye miguu miwili watamwonea wivu."

Mpaka pale nilikuwa nikitafuta baiskeli yoyote inayokwenda. Nilipoondoka Kilosa nilikuwa nikitafuta baiskeli nzuri, na mfuko wangu ulikuwa ule ule.

Kariakoo

Nyumbani nilikuwa nimeambiwa kwamba Kariakoo kuna Mtaa wa Nyamwezi, nikifika hapo nitakuwa kwetu. Nikauingia mtaa huo na kikapu changu kichwani, nikimwambia kila mtu "Mwangaluka!" kama tunavyoamkiana. Watu saba walinipita. Wa nane alikuwa Mchaga mwenye duka la maharage, akaniambia kwa upole, "Huyo bwana Mwangaluka hakai hapa. Umejaribu mtaa wa pili?"

Katika mtaa wote sikumpata Mnyamwezi hata mmoja. Yule Mchaga ndiye aliyenipa pa kulala, chumba cha nyuma ya duka, mimi na magunia yake. Mungu ambariki, ingawa mpaka leo nikisikia harufu ya maharage mabichi nasinzia.

Asubuhi nikaenda Uhindini. Duka la baiskeli nililoelekezwa lilikuwa la Mbaniani mmoja, mzee mwenye miwani ya waya. Alinionyesha mpya, nyeusi, zinang'aa, bado zimefungwa karatasi. Nikamwambia sitaki mpya. Nataka ya zamani kabisa, isiyo na friwili.

Akavua miwani. "Maisha yangu yote nauza baiskeli. Watu wanakuja na mbovu wanataka nzima. Wewe wa kwanza kuja kukimbia nzima."

Nilipomweleza sababu aliacha mzaha. Akaagiza chai, tukanywa tumesimama, akanielekeza Gerezani kwa fundi aitwaye Kondo. "Kama iko moja tu katika mji huu," akasema, "yeye amewahi kuitia mafuta."

Gerezani, kwa mtani

Fundi Kondo alikuwa Mzaramo, mrefu, mikono myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko. Alipojua kwetu wapi, alininyang'anya kofia akaivaa. "Mbeba mizigo wangu amefika!" akawatangazia majirani. "Babu zako walibeba pembe mpaka hapa, wewe umebeba nini?" Nami nikamwambia babu zake walikuwa wakituuzia maji ya chumvi. Moyo wangu ukatulia. Hatimaye nilikuwa kwetu.

Mchana alinilisha supu. Ilikuwa tamu, nikaimaliza, nikauliza ni nyama gani. Akanionyesha pweza mzima kwenye beseni la muuzaji, mikono yote ile inaning'inia. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikashika ukuta. Kondo alicheka hata spana ikamtoka mkononi.

Siku tatu tulizunguka. Tuliona fremu zilizopinda, rimu zilizolika kutu, na baiskeli moja ambayo mwenyewe aliapa ni nzima, na usukani ukabaki mkononi mwangu. Nilianza kuona Mihayo atasokota kamba mpaka mwisho wa siku zake, nikawa mkali kwa kila mtu. Siku ya nne mchana Kondo akapiga kelele katikati ya kazi.

"Mjinga mimi! Ndugu yangu Mzee Abdallah, wa Mtaa wa Mkunguni! Baiskeli yake naitengeneza mimi miaka kumi na tano, haina friwili, na fremu haina mkwaruzo. Amefariki, Mungu amrehemu. Leo ndiyo arobaini yake. Wewe tangulia, mimi namalizia gurudumu hili nakufuata."

Alisema ndugu yangu. Kondo ni Mzaramo, basi ndugu yake ni Mzaramo, na Mzaramo ni mtani wangu. Sikuuliza lolote zaidi. Kwetu mtani akisikia arobaini ya mtani wake hapigi hodi. Nikajiambia: nitainyakua ile baiskeli kwa utani, watanibembeleza niirudishe, tutacheka, na katika kucheka huko tutapatana bei. Niliona nina akili sana.

Mtaa wa Mkunguni

Nyumba ilikuwa na baraza pana, imefagiwa vizuri. Hitma ilikuwa imekwisha, sinia za wali zinapita. Wanaume walikuwa wamevaa kanzu nyeupe sana, na kofia zilizotiwa nakshi ambayo sikuwa nimeiona kwa Wazaramo wa Gerezani. Jambo hilo lilinigusa kidogo, nikalisukuma pembeni. Maana ukutani ilikuwa imeegemezwa baiskeli, imefunikwa shuka.

Niligeuza koti langu ndani nje, nikaingia nikilia kwa sauti. "Abdallah! Umekufa bila kuniaga, mchoyo wewe! Wali wote huu ulikuwa ukiuficha wapi?" Nikalivuta shuka, nikapanda baiskeli, nikazunguka mikeka yao nikipiga kengele kwa nguvu zangu zote.

Hakucheka mtu. Nimewahi kuona watu wanachelewa kucheka, kwa hiyo nikaongeza. Nikazunguka mara ya pili, kengele inalia.

Ndipo mwanamke akatokea mlangoni, mbio, miguu mitupu, mkononi ameshika kitambaa cha jikoni. Alinitazama. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa furaha, kisha nikauona unafungika. Akakaa chini palepale kizingitini, wanawake wenzake wakamzunguka wakamrudisha ndani.

Mwanamume mmoja wa makamo, Hamidu, mtoto wa marehemu, alinishika ukosi wa koti akaninyanyua kwenye kiti. Sijui ningetokaje pale kama Kondo asingefika akihema.

"Mwacheni! Mnyamwezi huyu! Kadhani ninyi ni watani wake!" Kisha akaninong'oneza, "Wangazija hawa, bwana wee. Hawana utani na wewe wala kabila lako."

"Si ulisema ndugu yako?"

"Jirani wa miaka kumi na tano si ndugu?"

Niliirudisha baiskeli ukutani, nikaifunika shuka lake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nilikuwa nimemtukana maiti wa watu mbele ya mkewe, kwa hila yangu mwenyewe.

Nyuma ya pazia

Asubuhi nilitaka kukimbilia stesheni. Nilikuwa nimekwisha kufunga kikapu, lakini viatu sikuviona. Kondo alikuwa amevichukua alfajiri na kumkabidhi yule Mchaga avifiche, kisha akaja kunichukua. "Utaondoka ukishaomba radhi," akasema. Hapo tena sikuweza kununa. Nikaenda Mkunguni peku, na furushi la kahawa na sukari.

Bi Mariamu, mjane wa Mzee Abdallah, alikuwa bado yumo edani, kwa hiyo hakutokea. Alizungumza nasi kutoka nyuma ya pazia la mlango. Hamidu alikaa kando yetu, mikono ameikunja.

"Wewe ndiye uliyepanda baiskeli ya mume wangu?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Uliitakia nini?"

Nikamwambia yote. Nikamweleza utani wetu, na jinsi nilivyokosea, na mtemi na mbiu, na Bama, na kamba, na yale maneno mawili. Sijui niliongea muda gani.

"Miaka ishirini na mbili," akasema, "mume wangu alikuwa akipika kwa Wazungu kule Osterbei. Kila alasiri akirudi, alikuwa akipiga kengele pale kona, nami naweka dele la kahawa motoni. Tangu afe, watu wanaingia humu wamefunga midomo, wanatembea kwa ncha za vidole. Baiskeli wameifunika kama maiti. Jana nikasikia kengele, nikasahau. Nikasahau kabisa kwamba amekufa. Niliweka dele motoni, mwanangu. Nimeshaliweka, ndipo nikaja mlangoni."

Kondo alikuwa akitazama sakafu. Mimi nilikuwa nalia, na sikujali nani ananiona.

"Nimekukasirikia sana," akaendelea. "Leo nilipoamka nikafikiri. Siku arobaini sikupata hata punde moja ya kuwa mke wa mtu. Hiyo moja umenipa wewe, na ujinga wako." Kisha akauliza, "Huyo kaka yako, hasemi kabisa?"

"Anaitikia kwa kichwa, mama."

"Ichukue umpelekee. Hamidu na mimi tumekwisha kuzungumza, alikuwa akisubiri akuone una uso gani. Tupe bei yoyote, tutaifanyia hitma nyingine. Ila kengele niachie."

Hamidu mwenyewe aliifungua, kwa spana ya Kondo, akaifuta kwa kanzu yake. Mkono mwembamba ukatoka pembeni ya pazia ukaipokea. Tulipokuwa tukivuka barazani tuliisikia ikilia huko ndani, mara moja tu.

Sasa mmejua kengele iko wapi.

Gerezani tena, na kurudi

Siku tatu tulifanya kazi. Tulitoa pedeli ya kushoto. Ya kulia tukaifunga mkanda wa ngozi wa kushika mguu. Kiti tukakishusha, na ubavuni mwa fremu Kondo akachomea bomba la bati la kusimamishia gongo la kutembelea la Mihayo. Yule mzee wa Uhindini alikuja mwenyewe na kopo la rangi ya kijani kibichi, akakaa juu ya ndoo kutwa nzima akitusahihisha. Kondo akavuta mistari ya njano kwenye fremu na rimu, myembamba kama uzi, ameshika pumzi. Nilikumbuka maneno ya Mama Sechelela, nikajua hii wataionea wivu.

Kofia yangu Kondo hakunirudishia. Viatu alinipa tukiwa stesheni. Na garimoshi lilipokuwa Morogoro ndipo nilipoona alichokifanya: kwenye kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya madigadi alikuwa ameandika, kwa rangi ya njano, LEO NABEBWA MIMI.

Nilikasirika njia nzima. Nilijaribu kuifuta kwa mafuta ya taa pale Dodoma, ikakataa. Nikaona nimeiharibu kazi yote, nampelekea mtu wa mguu mmoja matusi ya Mzaramo.

Mihayo alikuwa nyuma ya nyumba na kamba zake. Nikaiegemeza mbele yake, nikasimama. Aliitazama rangi, akaushika mkanda wa pedeli, akaipitisha mikono kwenye mistari. Akafika nyuma, akasoma. Kusoma alijifunza jeshini. Midomo yake ikatikisika.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mzaramo mmoja. Fundi."

"Mpumbavu," akasema, na mabega yake yakaanza kucheza. Alikuwa anacheka. Mimi nilitazama pembeni ili nisimkatishe.

Alianguka mara mbili pale uani. Mara ya kwanza nilimkimbilia, akaniinulia gongo nirudi nyuma. Mara ya tatu alijisukuma kwa gongo, akalichomeka bombani, akakanyaga, na pedeli ikashuka, ikaenda chini kabisa, kisha ikaupandisha mguu wake juu tena kama alivyosema fundi. Ikaupandisha tena. Akatoka nje ya uzio.

Mnakumbuka ilikuwa siku ya gulio. Barabara imejaa wanawake na mitungi yao, wamempa mgongo, na yeye hana kengele. Nilikuwa nikikimbia nyuma yake, nikimlaani Bi Mariamu na huruma yangu mwenyewe, kisha nikaisikia.

"Njiaaa! Pisheni njia! Anapita mtu!"

Mitungi ikagawanyika huku na huku. Mbwa wakabweka mpaka ng'ambo ya mto. Kengele mpya nimemnunulia mara mbili tangu siku ile, na zote mbili amenirudishia.

Niliporudi nyumbani nimeishiwa pumzi, mama yetu alikuwa ametoka jikoni, mwiko mkononi, unga umemjaa vidoleni. Alikuwa akitazama barabarani.

"Nani yule anayeita?" akaniuliza.

"Mihayo, mama."

Akaendelea kusikiliza mpaka sauti ilipofika gulioni. Kisha akarudi ndani kuongeza unga.